Stanley mtunga hadithi: kitabu cha «Kalulu wangu»

Jina la Stanley linajulikana na kila mwanafunzi wa Kongo. Wanamjua msafiri, wanamjua Bula Matari aliyemtumikia mfalme Leopold II tangu mwaka wa 1879 hata 1884. Lakini ni wachache wanaojua kwamba alitunga pia kitabu kimoja cha hadithi ya kubuni, kusudi vijana wa Uingereza wakisome. Tunataka kukipima kitabu hicho, kwa sababu kinatugusa sisi wenye kazi ya kufundisha na kubatiza.

Mtu huyu alifika mpaka kwetu. Sisi wa Runingu tunakaa katika bonde la Ruzizi. Na mwezi wa Novemba 1871 yeye na Livingstone walitoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafika mahali Ruzizi inapokutana na ziwa. Wakahakikisha kwamba mto unaingia ziwani, hautoki. Lakini watu wa Uvira walikuwa wamekwisha kuwaambia Burton na Speke neno lilo hilo mwaka wa 1858. Tulishike jambo hili dogo: mwenye nchi alisema, lakini neno lake halikuhesabiwa kuwa kweli mpaka mgeni alipoliandika. Tutalikuta tena mbele.

Kwanza maisha yake. Alizaliwa Denbigh, katika nchi ya Wales, mwaka wa 1841. Mama yake hakuwa na mume, na mtoto aliitwa John Rowlands. Alipokuwa na miaka sita alipelekwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, akakulia humo bila baba wala mama. Mwaka wa 1859 akafika New Orleans, huko Marekani, na baadaye akajitwalia jina jipya: Henry Stanley. Basi, mtu huyu aliujua uchungu wa mtoto asiye na mtu wa kumwita wake. Tukumbuke hayo, tusimhukumu kwa haraka.

Sasa kitabu chenyewe. Kilitokea London mwaka wa 1873, na jina lake ni «Kalulu wangu: mwana wa mfalme, mfalme na mtumwa». Selim, kijana Mwarabu wa Zanzibar, anafuata msafara unaokwenda bara kutafuta pembe na watumwa. Msafara unashindwa vitani na Watuta, na Selim mwenyewe anakuwa mtumwa. Kalulu, kijana wa nyumba ya mfalme wa Watuta, anamwonea huruma, na hao wawili wanapatana undugu wa damu. Baadaye Kalulu anatawala, ananyang'anywa ufalme, na yeye naye anaonja utumwa.

Sifa ya kitabu iko wazi. Mwandishi amegeuza viti: mwana wa wenye kununua watu anafungwa, kusudi ajifunze kwa mwili wake uzito wa mnyororo. Hubiri refu juu ya utumwa lisingefanya kazi hiyo vizuri zaidi. Tena amemweka kijana Mwafrika katikati ya hadithi, mwenye moyo mkubwa na heshima, mbele ya wasomaji ambao hawakuzoea kumwona namna ile. Mwaka ule ule soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa. Kitabu kilisimama upande uliokuwa wa haki.

Kasoro ziko pia. Watu wa bara wanasema sawa watu wa vitabu vya Kizungu. Tena Kalulu akiondolewa, Watuta wengi wamechorwa kama kundi la watu wakali tu, bila hekima ya wazee wala upole wa wamama. Hizo ni kasoro za watungaji wengi wa siku zile, hatutakawia hapo.

Kasoro kubwa iko katika neno moja la kichwa cha kitabu: «wangu».

Kwa maana Kalulu alikuwa mtu kweli. Mwaka wa 1871, huko Unyanyembe, mfanya biashara Mwarabu alimtoa zawadi kwa Stanley, mtoto mdogo mtumwa. Jina lake lilikuwa Ndugu Mhali. Stanley mwenyewe alieleza maana yake: mali ya ndugu yangu. Hata hivyo jina halikumpendeza. Akawauliza watu wake wamtafutie lingine, mmoja akasema Kalulu. Ndipo akaagiza maji yaletwe. Selim, mkalimani wake, kijana mkristu wa Yerusalemu, akamsimamia mtoto sawa baba wa ubatizo. Na jina jipya likatangazwa. Ulikuwa mchezo wa ubatizo, bila imani wala sakramenti. Hakuna aliyemwuliza mtoto.

Kalulu alipelekwa Uingereza na Marekani, akawekwa shuleni London, na mwaka wa 1874 alihudhuria mazishi ya Livingstone katika kanisa la Westminster. Akarudi Afrika na safari ya pili. Mwaka wa 1876, safari ilipokuwa katika nchi za ziwa letu la Tanganyika, alitoroka. Alikamatwa, akarudishwa. Tarehe 28 Machi 1877 maji ya mto Kongo yakauchukua mtumbwi wake, akafa. Stanley akayaita maporomoko yale jina la Kalulu. Jina alilompa yeye.

Je, Stanley hakumpenda? Tunaona alimpenda. Yeye aliyekuwa bila wa kumwita wake alitaka awe na wake. Katika hadithi alimpa hata ufalme. Lakini Kalulu wa kitabuni anatafuta uhuru, na kitabu kinamsifu; Kalulu wa kweli alipoutafuta, alifuatwa kama mtoro. Mwandishi alisikia vizuri kilio cha kijana aliyemtunga, hakusikia kilio cha yule aliyelala karibu na hema lake.

Wafratri na wakatekista wenzetu, kosa hilo si la Wazungu wa zamani tu. Sisi nasi tunasema «wakristu wangu», «watoto wangu», na katika barua tunaeleza maisha yao vile yanavyotupendeza. Nabii Isaya anafundisha kwamba Mungu ndiye anayemwita mtu kwa jina na kumhesabu kuwa wake. Sisi tunamwaga maji tu, kwa agizo lake.

Basi mtoto anapoletwa mbele yetu, tumwulize kwanza jina la nyumbani na maana yake, tuliandike sawasawa katika kitabu cha ubatizo pamoja na jina la mtakatifu. Na akitaka siku moja kwenda njia yake, tumwulize sababu kabla ya kumtuma mtu amrudishe.