Mandhari, Mhusika na Hisia katika Ngano ya Wakamba ya Kinyonga na Mnana

Katika ufundishaji wa fasihi, mandhari, wahusika na hisia huorodheshwa mara nyingi kama vitu vitatu vilivyotengana. Mwanafunzi hutakiwa kutaja mahali pa tukio, kisha sifa za wahusika, kisha hisia inayotanda katika kazi nzima, kana kwamba kila kimoja kimefunikwa ndani ya chungu chake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba utaratibu huo hautoshi hata kwa ngano iliyo fupi kabisa. Mfano utakaochunguzwa ni ngewa, yaani ngano ya Kikamba, inayoeleza asili ya kifo. Hoja yenyewe ni kwamba mandhari ya ngano hii ndiyo inayoamua sifa za mhusika zitakuwa na thamani gani, na kwamba hisia yake huzaliwa pale mandhari na mhusika vinapokosa kupatana.

Ngano hii ilikusanywa Ukambani na mmisionari Ernst Brutzer, ikachapishwa mwaka 1910. Mwaka huo huo C. W. Hobley, afisa wa serikali ya kikoloni, alitoa kitabu juu ya Wakamba chenye masimulizi mengine kuhusu jambo hilo, ambamo ndege mshindani anaitwa itoroko. Masimulizi ya Brutzer ndiyo yatakayofuatwa hapa, kwa kuwa muundo wake umekamilika zaidi.

Muhtasari wake ni huu. Mungu aliwaumba watu akawaweka mbali na makao yake, naye akapenda kwamba wakifa wafufuke. Akakaa siku tatu na kinyonga na mnana. Katika siku hizo alitambua kwamba maneno ya mnana yalikuwa mchanganyiko wa uongo mwingi na ukweli kidogo, na kwamba kinyonga alikuwa na akili, wala hakusema uongo. Kwa hiyo akamtuma kinyonga. Kinyonga akaenda polepole, akafika, watu wakakusanyika kumsikiliza. Hapo akawa anarudia tu kwamba ameagizwa, ameagizwa, pasipo kutamka alichoagizwa. Mnana naye akaomba ruhusa ya kutoka kidogo, akaruka, akafika wakati kinyonga bado anababaika. Akatangaza kwamba agizo ni watu wafe na kuangamia kama mizizi ya mshubiri. Kinyonga akakurupuka na kutamka ujumbe wa kweli. Ndege wa tatu akaamua kwamba neno la kwanza ndilo lenye busara. Watu wakarudi makwao, na tangu hapo binadamu akifa harudi.

James Frazer aliitia ngano hii katika kitabu chake cha mwaka 1918 juu ya ngano na Agano la Kale, akaiweka katika fungu moja na ngano nyingine nyingi za Afrika, zote zikihesabiwa kuwa ngano za ujumbe uliopotoshwa. Uainishaji huo una manufaa yake kwa mtu anayetaka kujua ngano imeenea wapi. Hata hivyo, unaficha tofauti iliyo kubwa. Katika masimulizi ya Wazulu yaliyoandikwa na Henry Callaway karibu na mwaka 1870, kinyonga hukawia njiani akila matunda, na mjusi aliyetumwa baadaye humpita, akatangulia kufika. Huko kosa ni la miguu, na mandhari yake ni njia. Kwa Wakamba kinyonga hashindwi na njia. Mwendo wake ni wa polepole, lakini yeye ndiye anayetangulia kufika. Kosa linatendeka baada ya safari kwisha, mbele ya watu waliokwisha kukusanyika. Mandhari ya ngano hii, basi, ni baraza.

Jambo hili lina uzito katika jamii ambayo mashauri yake yaliamuliwa na nzama, yaani baraza la wazee. Barazani neno huhesabiwa kuwa limesemwa pale linapokamilika. Hapo ndipo uamuzi wa ndege wa tatu unapoeleweka. Kwa hesabu ya kufika, wa kwanza ni kinyonga. Lakini kwa kuwa kauli yake ilikuwa kitenzi kisicho na kijalizo, kauli iliyokamilika kwanza ni ya mnana. Ukweli unapotamkwa hatimaye, unakuwa neno la pili, nao unasikika kama ubishi wa aliyeshindwa. Ndege huyo hatamki uongo wowote. Anafuata desturi ya baraza, na kwa desturi hiyo kifo kinapitishwa.

Ikiwa mandhari ni hayo, usawiri wa wahusika nao husomeka kwa namna nyingine. Si sahihi kumwita kinyonga mzembe, kama inavyofanywa mara nyingi. Msimulizi amemshuhudia kwa kinywa cha Mungu mwenyewe kuwa ni mkweli na mwenye akili. Polepole yake ni tahadhari ya mtu anayeogopa kukosea neno alilopewa. Sifa hiyo ilionekana kuwa hazina katika makao ya Mungu, ambako palikuwa na siku tatu za kumchunguza. Barazani hapakuwa na siku tatu. Watu waliona kigugumizi upande mmja na ufasaha upande wa pili, wakahukumu kwa walichokiona. Mhusika hajabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni mahali aliposimama.

Ufasaha wa mnana unadhihirika zaidi katika tashbihi yake ya mshubiri, mmea ambao Wakamba huuita kiluma. Katika nyanda kavu zilizo chini ya vilima vya Machakos, mshubiri hubaki na majani yake manene wakati nyasi zote zimekauka. Kwa msikilizaji wa huko ni mmea unaodumu kuliko mingine. Mwongo mwenye ustadi hachukui mfano wa jani, maana jani lingemsuta mbele ya macho ya watu wote. Anachukua mzizi, sehemu isiyoonekana na mtu. Kwa hiyo uongo unajengwa kwa kitu cha nyumbani ambacho kila mmoja anakifahamu, ilhali ukweli wa kinyonga hauna mfano wowote wa kushikika. Mhakiki asiyeifahamu ardhi hiyo atauona mshubiri kuwa pambo la lugha tu.

Kuhusu hisia, jibu jepesi ni kusema kwamba ngano inahuzunisha. Lakini huzuni haitajwi popote. Hakuna anayelia, na watu wanaondoka kama wanavyoondoka barazani siku yoyote. Tena marudio ya kinyonga, yakitambwa na msimulizi hodari, yanaelekea kuchekesha. Hadhira inapocheka kigugumizi hicho inajikuta imeketi pamoja na watu wa ngano, ikimchoka mkweli na kumngojea msemaji mwingine. Kicheko kinapokwisha, neno limekwisha kupita. Hisia ya ngano, basi, ni ya kutambua kwa kuchelewa. Yafaa pia ikumbukwe kwamba ngano iliandikwa wakati walipokuwa hai watu waliookoka njaa kuu ya mwishoni mwa karne ya 19, ambayo Wakamba waliipa jina la Ngomanisye, yaani ile iliyoenea kila mahali. Ngano yenyewe huenda ni ya kale zaidi ya njaa hiyo. Hata hivyo, kwa msikilizaji aliyewazika jamaa zake, wazo la kwamba ujumbe wa ufufuo ulikwisha kufika barazani lisingekuwa jambo la kuchekesha kwa muda mrefu.

Mwaka 1966 John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alichapisha huko Oxford mkusanyiko mkubwa wa ngano za Wakamba, na kwa kazi hiyo malighafi ya uchunguzi wa aina hii ikaongezeka. Kinachohitajika ni kuzisoma ngano hizo moja moja kwa makini kabla ya kuzitia katika mafungu. Anayefunza mandhari aulize mahali hapo panampa nani nguvu ya kusikilizwa. Anayefunza wahusika aulize sifa zao zinaonekana mbele ya nani. Anayefunza hisia achunguze hadhira inapocheka na inaponyamaza. Bila maswali hayo, kinyonga wa Wakamba ataendelea kuhukumiwa kwa kosa la kinyonga wa Wazulu, na darasa litakuwa limemtendea kama lilivyomtendea lile baraza la kwanza.