Sifa kwa Wachambua Visawe

Mwaka 1794 Hester Lynch Piozzi alichapisha mjini London kitabu cha juzuu mbili kuhusu visawe vya Kiingereza. Alikuwa rafiki wa karibu wa Samuel Johnson, yule aliyetoa kamusi yake kubwa mwaka 1755, na mume wake wa pili alikuwa mwanamuziki Mwitaliano. Kitabu chenyewe aliwakusudia rafiki zake wageni waliokuwa wakijifunza Kiingereza. Habari hiyo hunifurahisha kila niikumbukapo. Mzawa wa lugha haulizi tofauti ya neno na jirani yake, kwa kuwa ulimi wake umeshachagua kabla hajafikiri. Mgeni ndiye anayeuliza, na ili ajibiwe, inambidi mzawa ashuke ndani ya lugha yake akakitafute kitu alichokitumia maisha yake yote bila kukitazama.

Kazi ya kumjibu mgeni huyo ndiyo ninayotaka kuisifu. Wafaransa walitangulia, maana Gabriel Girard alikuwa ametoa kitabu chake juu ya visawe vya Kifaransa tangu mwaka 1718. Peter Mark Roget naye, katika kitabu chake cha mwaka 1852, aliyapanga maneno ya Kiingereza kwa mafungu ya maana, akamwachia msomaji achague mwenyewe. Ni msaada mkubwa, lakini kukusanya maneno si kuyachambua. Anayechambua huyaweka maneno mawili mezani na kusema: haya yanafanana hapa, yanaachana pale, na ukikosea kuchagua utakuwa umesema jambo ambalo hukulikusudia. Kamusi ya visawe ya Webster iliyotolewa Marekani mwaka 1942 ina aya ndefu za namna hiyo. Mimi huzisoma kama wengine wasomavyo hadithi.

Uhodari wa wachambuzi hawa huonekana zaidi kwenye maneno ya muda. Tungetarajia kwamba muda ni urefu tu, na kwamba maneno yake yatofautiane kwa urefu: hili la saa, lile la mwezi, lile la karne. Yako ya aina hiyo, nayo hayana shida. Lakini chukua 'spell', 'stint', 'stretch', 'term' na 'while'. Hakuna hata moja linalokwambia ni siku ngapi. Yanachoeleza ni jinsi muda huo ulivyomkuta mtu.

Fikiria daktari aliyefanya kazi miezi sita katika hospitali ya kisiwa kimoja cha Scotland. Akisema 'a stint', tunajua alipangiwa kipimo cha kazi, akakitimiza, akaondoka. Asili ya neno hilo iko kwenye kuwekea mpaka, na hadi leo kitenzi chake kina maana ya kubania. Akisema 'a stretch', miezi ile ile inanyooka kama barabara isiyo na kituo, siku baada ya siku bila kukatizwa, na ndiyo maana neno hilo hilo hutumika mitaani kwa kifungo cha jela. Akisema 'a term', mwisho wake uliwekwa na wengine tangu mwanzo. Shina lake ni Kilatini 'terminus', mpaka wa shamba, na limekaa vizuri kwenye muhula wa shule, muhula wa rais na mimba iliyotimiza miezi yake. Akisema 'a while', amekataa kutupa mpaka wowote. Na akisema 'a spell', muda ulikuja, ukamkalia, ukapita. Miezi ni sita, kisiwa ni kile kile, ila tumewasikia madaktari watano.

Hilo la mwisho ndilo lina historia ninayoipenda kuliko yote. Lilitokana na kitenzi cha Kiingereza cha kale kilichomaanisha kushika nafasi ya mwingine. Mwanzoni lilikuwa zamu hasa: mmoja amechoka, mwenzake anampokea. Zamu ikazaa muda wa kushika zamu, na muda huo ukazaa muda wowote mfupi unaoingia na kutoka. Leo Mwingereza husema 'a cold spell' kwa siku chache za baridi zilizoingia na kutoka, na 'a dizzy spell' kwa kizunguzungu kilichomshika na kumwachia. Ukiijua asili hiyo, unaona kwamba baridi nayo imeshika zamu. Marekani na Australia kitenzi chenyewe bado ki hai, kwa maana ya kumpokea mtu kazi ili apumzike. Wapo wanaodhani neno hili ndilo lile la uganga na mazinguo, lakini hayo ni maneno mawili yenye mashina tofauti, yaliyokuja kufanana kwa sauti.

Mambo haya hayakuokotwa hivi hivi. James Murray alipokabidhiwa uhariri wa kamusi kuu ya Oxford mwaka 1879, alijenga kibanda cha mabati, akakijaza visanduku vya karatasi ukutani. Alipohamia Oxford alijenga kingine bustanini, sakafu yake ikiwa chini ya usawa wa ardhi, chenye unyevu na baridi kali wakati wa majira ya baridi. Karatasi zilimjia kwa posta kutoka kwa wasomaji wa kujitolea wa nchi nyingi. Kila moja iliandikwa neno kwenye pembe ya juu kushoto, kisha mwaka, mwandishi, jina la kitabu, na sentensi nzima ambamo neno lilikutwa. Wahariri walizitandaza na kuzipanga mafungu mafungu. Karatasi inapokataa kukaa kwenye fungu lolote, hapo kuna maana ambayo bado haijatambuliwa, na fungu jipya huanza. Herufi T, ambamo neno lenyewe la wakati, 'time', limo, Murray aliishughulikia mwenyewe katika miaka yake ya mwisho. Alifariki mwaka 1915 na kamusi ilikamilika mwaka 1928, ikiwa na maneno zaidi ya 414,000 na nukuu zipatazo 1,800,000. Alijua kwamba huenda asingeuona mwisho wake, na bado kila asubuhi aliingia kwenye kibanda kile.

Yuko atakayesema huu ni uhodari wa kupasua unywele. Namwomba alitazame neno 'epoch'. Limetoka kwenye Kigiriki cha kusimama, kuzuia, na kwa maana yake ya zamani halikuwa kipindi bali nukta: pale hesabu inapoanzia. Kipindi kinachohesabiwa kutoka hapo ndicho 'era'. Wanaastronomia wameilinda maana hiyo, na waunda kompyuta pia: simu nyingi tulizo nazo mifukoni huhesabu sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1970, na nukta hiyo wanaiita 'epoch'. Wanajiolojia wao wamelifanya neno hilo kuwa kipindi kamili chenye daraja lake, chini ya 'period', ambayo nayo iko chini ya 'era'. Tunaishi katika Holosini, iliyoanza miaka 11,700 iliyopita.

Mwaka 2000 Paul Crutzen, mwanakemia aliyepata Tuzo ya Nobel, alisema mkutanoni nchini Mexico kwamba Holosini imekwisha na tumeingia Anthroposini, wakati wa binadamu. Wanajiolojia walibishana miaka mingi. Mwezi Machi 2024 walipiga kura, pendekezo la kuifanya 'epoch' rasmi inayoanzia miaka ya 1950 likakataliwa. Wengi wa waliolikataa hawakukana kwamba binadamu ameibadili dunia. Baadhi yao walisema neno linalofaa ni 'event', tukio linalotanda polepole na kwa nyakati tofauti kila mahali, kwa kuwa kilimo na ukataji wa misitu vilianza zamani kabla ya mabomu ya nyuklia ya miaka hiyo. Wataalamu wa miamba walikuwa wakifanya kazi ya Bibi Piozzi, na jambo lililokuwa mezani ni historia ya sayari nzima.

Yapo mengine ninayapita haraka. 'Fortnight' ni siku kumi na nne zilizohesabiwa kwa usiku, na Wamarekani wengi hawalitumii. 'Moment' katika Zama za Kati ilikuwa kipimo halisi, sehemu moja ya arobaini ya saa. 'Season' imetoka kwenye Kilatini cha kupanda mbegu, ilhali msimu wetu umetoka kwenye Kiarabu 'mawsim', ambacho Wareno walikibeba na Waingereza wakakifanya 'monsoon'.

Na sisi wa Kiswahili tumeanza. Mohamed A. Mohamed na Said Ahmed Mohamed walitupa Kamusi ya Visawe mwaka 1998. Natamani sasa aya zile ndefu, neno kwa neno. Mimi ningeanza na enzi na zama. Enzi ina mwenyewe: ni wakati uliotawaliwa na mtu, chama, au mtindo wa muziki, na mzee akisema "enzi zetu" anadai kwamba wakati ule yeye na wenzake ndio waliotamba. Zama haina mwenyewe. Ni wakati wa mbali ulio mpana kuliko yeyote aliyeishi ndani yake, na ndiyo sababu vitabu vya historia husema zama za mawe.