Shogi la Punda na Masanduku ya Moyale

Kila nikiirudia Long Way Down, ile safari ya pikipiki ya Ewan McGregor na Charley Boorman kwenye televisheni, wakifika Moyale kuingia Kenya nasimamisha picha. Tazameni nyuma ya zile BMW R1200GS Adventure: sanduku la alumini kila ubavu, chuma kimebanwa juu ya chuma. Mwaka ni 2007. Lami ya kutoka Moyale hadi Isiolo bado haijawekwa, na mbele yao kuna mawe, vumbi na vile vituta vilivyojipanga kama bati. Uamuzi wa kubeba masanduku yale ulikuwa kosa, na lilikuwa kosa tangu Uingereza, kabla hawajawasha injini. Kinachoniuma zaidi ni kwamba walikuwa wamekwisha onywa.

Onyo lilikuja Mongolia mwaka 2004, kwenye safari yao iliyotangulia, Long Way Round. Mnakumbuka fremu ya pikipiki ya mpiga picha, Claudio von Planta, ilivyovunjika, ikachomelewa, na mwishowe akaendelea na safari kwa Izh Planeta 5 ya Kirusi. Siwezi kuyatwisha masanduku lawama yote. Kuna mafuta, kamera na njia yenyewe. Lakini Ewan McGregor na Charley Boorman walikuwa na miaka mitatu ya kulitafakari jambo hilo. Wakarudi barabarani na pikipiki yenye tangi la lita 33, na masanduku ya namna ileile.

Sanduku halipindi, na tatizo lote limo humo. Kituta kikipiga gurudumu la nyuma, shokapu humeza sehemu ya pigo. Sehemu inayobaki hupanda kwenye fremu, na nyuma kabisa ya fremu, pale palipo pembamba, ndipo palipoangikwa sanduku na mabano yake. Chuma hakikatiki kwa pigo moja. Huchoka. Bolti hulegea, ufa huanza kwenye mshono wa kuchomelea, na siku ya tatu unasikia mlio usioujua. Mfuko laini hucheza kidogo kwenye mikanda yake, nguo zilizomo ndani hubonyea, na pigo linafia humohumo. Halafu kuna uzito: jozi ya masanduku na vyuma vyake, kabla hujatia hata soksi, inaweza kufika kilo 15 au zaidi. Jozi ya mifuko laini ni theluthi ya hapo.

Na kuna mguu. Dereva akizama kwenye mchanga hushusha mguu bila kufikiri, pikipiki inaendelea mbele, na kona ya sanduku inamkuta kwenye muundi. Wapo waliovunjika mfupa hivyo, kwa mwendo wa mtu atembeaye. Mfuko ungemsukuma tu na kubonyea.

Najua jibu: sanduku lina kufuli na halipitishi mvua. La kufuli nalikubali. Lakini jamaa hawa walikuwa na magari ya msaada. Kila chenye kuvunjika au kuibika kingeweza kupanda gari, na pikipiki zikabeba nguo, hema na spana. Aliye na gari nyuma yake ndiye mwenye sababu ndogo kuliko wote ya kujifunga alumini ubavuni. Uendeshaji wao kwenye mawe yale, hata hivyo, ulikuwa safi.

Kina Austin Vince wa safari ya Mondo Enduro hawakuwa na gari. Mwaka 1995 na 1996 waliizunguka dunia kwa Suzuki DR350, pikipiki nyepesi za silinda moja, na mizigo yao ikiwa kwenye mifuko laini. Pikipiki ikianguka, unainyanyua peke yako. Mfuko ukichanika, unashona. Sijaona safari ya kwenye televisheni iliyopangwa vizuri kuliko ile, na nimeshalisema hilo katika safu hii mara nyingi.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Punda wa Lamu hubeba mchanga na matofali kwa shogi: mfuko mmoja wenye matumbo mawili, umelazwa mgongoni, upande huu ukipimana na ule. Baba yangu mdogo, bwana shamba wa miaka mingi Njombe, alikuwa na Yamaha AG100 ya serikali, ile yenye keria ya chuma na stendi kila upande. Shogi lake lilikuwa la turubai la lori, lilishonwa na fundi viti. Alibeba mbegu, dawa na daftari, masika na kiangazi, na fremu ile haikupata ufa.

Ila shogi hufungwa kwa akili, na hapa nina kinyongo changu. Duka moja la Dar es Salaam liliniuzia mifuko iliyosemwa inakaa pikipiki yoyote. Niliifunga uani, pikipiki ikiwa tupu juu ya stendi, nikapima nafasi ya vidole vinne kati ya mfuko na ekzosi, nikaridhika. Kati ya Makambako na Songea, shokapu zikiwa zimelala kwa mzigo, vile vidole vinne havikuwepo tena. Nilinusa plastiki kabla sijaona moshi. Koti la mvua na tyubu ya akiba viliteketea.

Nafasi ya ekzosi hupimwa mzigo ukiwa ndani, wewe umeketi na mwenzako anaidundisha pikipiki kutoka nyuma. Bado weka bati la kukinga joto. Upande wa gurudumu uwe na chuma cha kuzuia mfuko usiingie kwenye spoku. Mifuko ya kutupia tu juu ya kiti, bila chuma hicho, isiuzwe kwa mtu anayetoka nje ya mji. Mkanda wa mbele uvute kuelekea sehemu ya abiria kukanyagia, wa nyuma ushike keria, ili mfuko usiende mbele wala nyuma. Spana zikae chini na mbele. Ncha za mikanda zifungwe, maana ncha moja ikidakwa na mnyororo, gurudumu la nyuma linagoma. Mfuko nusu tupu ubanwe hadi unyamaze. Mdomo ukunjwe mara tatu, na ndani uwepo mfuko mwingine wa nailoni, hata kama muuzaji ameapa hauvuji. Baada ya kilomita 50 za kwanza simama ukaze upya. Na mipira ya tyubu kuukuu ibaki kwenye kufungia kuku. Inavutika, na kinachovutika hakishiki mzigo kwenye vituta.

Shogi la baba mdogo ninalo mimi sasa. Limepauka, na mwaka jana nililibadilisha bizimu mbili. Turubai ni lilelile.