"Goti lako limekauka mafuta": tusome kipeperushi kimoja cha Bukene

"Goti lako limekauka mafuta." Ndivyo kinavyoanza kipeperushi nilichopewa siku ya mnada Bukene, wilayani Nzega. Ni karatasi moja tu: picha ya goti jekundu linalotoa cheche, chupa mbili za vidonge, shuhuda tatu na namba ya simu. Muuzaji simtaji, maana maneno haya si yake peke yake. Ukipita Tabora mjini utayasikia kwenye magari ya matangazo, na ukikaa vijiweni utawasikia wacheza mpira wa miaka ishirini na kitu wakiyarudia kama kitu kinachojulikana. Dozi inayopendekezwa ni miezi mitatu, na kwa bei iliyoandikwa pale, mkulima anauza mpunga ili ainunue. Kwa hiyo hebu tukisome kwa makini, sentensi kwa sentensi, kama ambavyo tungesoma makala ya kisayansi.

Tuanze na hayo mafuta. Mfano wenyewe una mvuto, hilo nakubali. Bukene kila nyumba ina baiskeli au iliwahi kuwa nayo, na kila mtu anajua mnyororo mkavu unavyolia. Goti nalo likilia "kwa kwa" ukichuchumaa, akili inakimbilia kwenye grisi. Ila ndani ya goti hakuna grisi ya kuisha. Kuna ute, na kwenye goti zima ni mchache: haujazi hata kijiko cha chai. Ute huo hutengenezwa na utando unaozunguka kiungo, hunyonywa, kisha hutengenezwa tena, kila siku. Na sasa angalia hapa: mchezaji akiumia gegedu kwenye mechi, goti linavimba. Limevimba kwa sababu lina majimaji mengi kuliko kawaida. Yaani yule ambaye kipeperushi kinamwambia amekauka, mara nyingi amejaa.

Kilichoumia ni gegedu lenyewe, ule mpako mweupe, laini na mtelezi unaofunika ncha za mifupa, unene wake milimita chache tu. Gegedu lina tabia mbili ambazo kipeperushi hakizigusi kabisa. Kwanza, halina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka kwenye ute, na njia mojawapo ya kukifikisha ndani ni kukandamizwa na kuachiwa, kama sponji ndani ya ndoo: ukisimama maji yanatoka, ukiinua mguu yanarudi. Pili, halina neva. Gegedu lenyewe haliumi. Maumivu unayoyasikia yanatoka kwenye mfupa ulio chini yake, kwenye utando, kwenye tishu za jirani.

Hiyo tabia ya pili ina matokeo ambayo watu wengi hawayategemei. Mwaka 2019 watafiti walikusanya tafiti 63 za picha za MRI za magoti ya watu wazima ambao hawakuwa na maumivu wala historia ya kuumia goti. Karibu robo ya magoti hayo yalikuwa na kasoro kwenye gegedu. Kwa waliofika miaka 40 na kuendelea ilikuwa zaidi ya nne katika kumi. Walikuwa wanatembea tu, hawajui. Kwa hiyo mtu akikuonyesha picha akasema "goti limesagika", picha inaweza kuwa ya kweli na bado isiwe maelezo ya maumivu yako.

Sentensi ya pili ya kipeperushi: vidonge vyenye glukosamini na kondroitini "huotesha gegedu upya ndani ya siku 30". Mwaka 1743 William Hunter, daktari aliyekuwa London, aliieleza Royal Society kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Karibu miaka 280 imepita na bado hakuna kidonge kilichothibitishwa kumpinga. Kuhusu maumivu, jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa 2006 liligawa watu 1,583 wenye magoti yaliyochakaa katika makundi kwa kura: wengine glukosamini, wengine kondroitini, wengine vyote viwili, wengine dawa halisi ya maumivu, wengine kidonge kisicho na kitu ndani. Kwa ujumla, glukosamini na kondroitini hazikukishinda kile kidonge kitupu. Kulikuwa na kikundi kidogo cha wenye maumivu makali ambacho mchanganyiko ulionekana kukisaidia, na hicho ndicho wauzaji wanachokishika mpaka leo. Watu walipofuatiliwa kwa miaka miwili, faida hiyo haikuthibitika.

Mimi nilichokipenda kwenye jaribio hilo ni namba nyingine. Kati ya waliopewa kidonge kitupu, asilimia 60 walisema maumivu yamepungua kwa angalau moja ya tano. Asilimia sitini! Sasa rudi kwenye zile shuhuda tatu pale chini ya kipeperushi, yule mama anayesema sasa anapanda ngazi. Sina sababu ya kumwita mwongo. Maumivu ya goti yana kawaida ya kupanda na kushuka, na mtu hununua dawa siku yamepanda. Ukiuza chupa mia, hutakosa shuhuda tatu hata kama ndani mna unga wa muhogo.

Halafu kuna maneno "asilia 100%". Haya nayaogopa kuliko yote. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu kirutubisho kimoja cha maungo kilichouzwa kama cha asili. Maabara ilikuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni, na lebo haikusema lolote. Dawa hizo zinapunguza maumivu kweli, tena haraka, ndiyo maana mnunuzi anarudi. Lakini diklofenaki ikitumiwa ovyo inaweza kutoboa tumbo na kuumiza figo, na deksamethasoni ikitumiwa muda mrefu ina madhara kwenye sukari, presha na mifupa. Sisemi chupa za Bukene zina vitu hivyo, sijazipima. Nasema lebo si kipimo. Na ukiona "mitishamba" inayoondoa maumivu ndani ya saa moja, hapo ongeza wasiwasi.

Usidhani mwenye pesa yuko salama zaidi. Yeye anakutana na mfano uleule wa mafuta ukiwa umevaa koti jeupe: sindano ya "kilainishi" cha asidi ya hayaluroniki. Uchambuzi uliochapishwa 2022 kwenye jarida la BMJ ulipitia majaribio 169 yenye watu zaidi ya 21,000. Nafuu ilikuwepo, ila ndogo kiasi kwamba mgonjwa wa kawaida asingeiona, na madhara makubwa yalikuwa mengi kidogo kuliko kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa. Sindano ya plasma inayotengenezwa kutoka damu yako mwenyewe ilijaribiwa Australia kwa watu 288, majibu yakatoka 2021: baada ya mwaka mmoja haikuwa na tofauti na maji ya chumvi, si kwenye maumivu wala kwenye gegedu. Sindano ya steroidi hutuliza kwa muda mfupi. Lakini kwenye jaribio la 2017, waliochomwa kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakuwa madogo zaidi.

Sasa tufike kwenye sentensi ambayo mimi naona ndiyo mbaya kuliko zote, ingawa inaonekana ya upole: "Wakati wa dozi, pumzisha goti kabisa." Hapa mfano wa grisi unafanya kazi yake mpaka mwisho. Kama goti ni chuma kikavu, basi kila hatua inasaga, na mwenye akili atakaa. Lakini tumeshaona gegedu linakula kwa kukandamizwa. Na msuli wa paja, ambao ndio unaopokea mshtuko kabla haujafika gotini, unasinyaa haraka ukikaa. Mtu anamaliza miezi mitatu ya chupa akiwa na goti lilelile na paja jembamba zaidi. Anarudi uwanjani, au anapakia magunia mawili kwenye baiskeli, goti linauma zaidi ya mwanzo, na anaamini mafuta yameisha tena.

Ushahidi wa mazoezi ndio ulio imara kuliko vyote nilivyotaja. Mwaka 2020 jaribio la watu 156 wenye goti lililochakaa liliweka fiziotherapia upande mmoja na sindano ya steroidi upande mwingine. Baada ya mwaka, waliofanya mazoezi walikuwa na maumivu madogo na uwezo mkubwa zaidi. Utasema hao ni wazee, mimi nina miaka 28 na nacheza namba saba. Swali zuri, na kweli sehemu kubwa ya ushahidi huu ni ya magoti yaliyochakaa. Lakini Norway walichukua watu 48, wengi vijana, wenye tundu la gegedu lililofika mpaka mfupani, ambao walikuwa wanafikiriwa kufanyiwa upasuaji. Wakapewa miezi mitatu ya mazoezi makali ya kuimarisha misuli na mizani ya mwili. Karibu theluthi mbili waliamua kuahirisha upasuaji. Ni utafiti mdogo, hauna kundi la kulinganisha, na tundu halikuzibika. Mazoezi hayaoteshi gegedu. Yanachofanya ni kulifanya goti lenye tundu liishi vizuri.

Kuna wanaokijibu kipeperushi kwa historia. Unyamwezini hutakosa mzee atakayekuambia kwamba babu zetu walibeba pembe na mizigo ya frasila mbili, kilo thelathini na kitu, kutoka huku mpaka Bagamoyo kwa miguu, na hakuna aliyekunywa glukosamini. Napenda hoja hiyo, ila siiamini sana. Wapagazi ambao magoti yao yalikataa njiani hawakurudi kusimulia sifa zao. Kinachobaki cha kweli ndani yake ni kwamba mwili uliozoeshwa mzigo kidogo kidogo tangu ujana hubeba vingi, na neno la maana hapo ni kidogo kidogo.

Hata hivyo, lawama si ya muuzaji peke yake. Kipeperushi kinamkuta mtu sokoni, kwa Kiswahili, kina bei na namba ya simu. Sisi wa vyuoni tunaandika "mazoezi tiba chini ya uangalizi" kana kwamba kila kijiji kina jimu. Kutoka Bukene kwenda Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, ni safari na nauli. Na wengi wanaofika hospitali popote pale huambiwa "punguza uzito, pumzika" halafu mlango unafungwa. Uzito una maana, hilo ni kweli: utafiti wa Marekani wa 2005 uliona kila kilo moja inayopungua inaliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Lakini mpiga ndondo mwembamba atapunguza nini?

Kinachowezekana Bukene ni hiki. Keti kwenye kiti kirefu, simama bila kushika, keti polepole. Ikiwa rahisi, tumia kiti kifupi zaidi, kisha mguu mmoja. Panda na kushuka tofali. Baiskeli usiiache, inua tandiko mpaka goti likaribie kunyooka pedali ikiwa chini, maana tandiko la chini ndilo linalolikunja na kulibana zaidi. Siku tatu kwa wiki, angalau wiki 12. Maumivu ya wastani wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Kipimo ni kesho yake: yakiwa yamerudi palepale yalipokuwa, endelea na ongeza kidogo; yakiwa yamezidi, punguza, usiache.

Na kuna magoti ambayo hayahusiki na lolote kati ya haya mpaka yaonwe na daktari. Goti lililojifunga halinyooki. Lililovimba ndani ya saa chache tu baada ya kuumia, au lisiloweza kubeba hatua nne. Linalokuachia ghafla ukigeuka. Na goti lililovimba, la moto, pamoja na homa, hilo usilisubirishe mpaka kesho, hata kama treni ya Tabora imeshapita.