Lami Huanza Kufa Juu

Masika yakiisha Moshi na mashimo yakijitokeza, lawama huenda kwa malori na mvua. Vyote viwili vina sehemu yake. Lakini kwenye nchi za joto ufa wa lami mara nyingi huanzia juu kabisa, na maji huja baadaye kupitia mlango uliokwisha kufunguliwa.

Jambo hili lilichunguzwa Kenya, na mwaka 1990 watafiti Smith, Rolt na Wambura wakachapisha matokeo: milimita chache za juu zilikuwa zimekakamaa vibaya kuliko lami iliyo chini yake. Ili kuona hivyo, sampuli hukatwa barabarani, huchanwa vipande vyembamba, kisha lami hutenganishwa na kokoto kwa kiyeyushi na kupimwa tabaka kwa tabaka. Kipimo cha siku nyingi ni sindano: ikibeba gramu 100 kwa sekunde 5, katika nyuzijoto 25, huzama milimita 6 hadi 7 kwenye lami mpya ya daraja la 60/70. Kwenye lami iliyozeeka haifiki huko.

Uzee wenyewe huanza kabla rola haijapita. Kwenye mtambo wa kuchanganyia, utando mwembamba wa lami hukumbatia kokoto zenye joto la nyuzi 150 na zaidi. Mafuta mepesi hutoroka, oksijeni huingia. Anayezidisha moto ili mzigo ufike mbali bado una joto anaipa barabara lami iliyokwisha kuchoka, na hakuna ukaguzi wa macho utakaomkamata.

Halafu kuna ushindiliaji. Hewa ikibaki zaidi ya asilimia 8 ya ujazo wa mchanganyiko, vitundu huungana na oksijeni hupenya hadi ndani. Ikishuka chini ya asilimia 3 kwenye mpando kama wa Himo kwenda Marangu, ambako lori lenye shehena hupanda polepole, lami husukumwa pembeni na matairi huchimba mifereji.

Mlima, kutoka Moshi hadi Marangu, nao unabadilisha hesabu. Tambarare ya Moshi ina joto, na joto huharakisha oksijeni kuikausha lami. Marangu kuna ubaridi na mvua nyingi. Huko hatari kubwa ni maji kuibandua lami kwenye kokoto. Kwa maoni yangu, kutumia mchanganyiko mmoja kuanzia chini hadi juu ni kosa la usanifu. Tambarare inahitaji kufunikwa mapema kwa lami ya kunyunyiza na kokoto ndogo, kabla ufa wa kwanza haujaonekana. Juu mlimani, kokoto zipimwe kwanza kama zinashikana na lami zikilowa.