Kimo cha Kizito

Kumpitisha mtoto wa miaka sita katika makumbusho ya mashahidi wa Uganda kule Namugongo ni kazi ya fundi. Upande wa Waanglikana, si mbali na Basilika ya Wakatoliki, kuna sanamu za ukubwa wa mtu: vijana waliofungwa kamba, wauaji na silaha zao, kuni zimepangwa. Mtu mzima huguna akapita. Mtoto huondoka nazo hadi kitandani.

Wapo viongozi wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki, wanaoanzia motoni, maana moto ndio unaovuta macho. Mimi sikubaliani nao. Mtoto aliyeanzishiwa kwenye moto atamkumbuka muuaji, na mtakatifu atamsahau.

Fundi huanza na umri wa shahidi mmoja. “Kizito alikuwa na miaka 14 hivi,” husema, kisha hunyamaza wapige hesabu. Kwa mtoto wa miaka sita, huyo si mtakatifu wa dirisha la kioo. Ni kaka yake yule anayemfukuza mwembeni. Kaka huyo alikuwa mtumishi katika jumba la Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, wa kutumwa huku na huku. Hapo fundi hutoa mfukoni kipande cha nguo ya gome la mti, ile ambayo Waganda huitengeneza kwa kuligonga gome la mutuba kwa nyundo za mbao hadi lilainike, akaacha kizunguke mikononi. Wanakinusa, wanakivuta, mmoja anakijaribu kichwani. Hakemei mtu. Kwa dakika hizo ikulu imeshuka ikawa kitu cha kushikwa.

Kisha husimulia usiku. Tarehe 25 Mei 1886, kule Munyonyo, vijana walijua kwamba kesho wataitwa mbele ya Kabaka kwa sababu ya imani yao. Karoli Lwanga, kiongozi wao, aliwabatiza usiku huohuo wale waliokuwa bado, Kizito akiwamo. Mapokeo yanasimulia kwamba alimwahidi kumshika mkono. Kuogopa usiku na kutafuta mkono wa mkubwa, hayo mtoto hahitaji kufundishwa.

Swali lazima lije: “Iliuma?” Nimesikia watu wazima wakijibu kwamba watakatifu hawakusikia maumivu. Huo ni uongo wa huruma, na watoto huunusa. Fundi hujibu, “Ndiyo, iliuma,” akaishia hapo. Hamung'unyi maneno, wala haongezi jinsi moto ulivyopanda. Kujua pa kunyamaza ndiyo sehemu ngumu ya ufundi huu, na sijaona semina inayoifundisha.

Huwasimamisha kwa muda mrefu zaidi kwenye habari za Mbaga Tuzinde. Mukajanga, mkuu wa wauaji, ndiye aliyemlea. Alimsihi akane imani au akubali kufichwa, kijana akakataa. Mwishowe Mukajanga akaagiza apigwe shingoni kwanza, asiingie motoni akiwa hai. Watoto, ambao dakika chache nyuma walikuwa wakimwonyesha Mukajanga kwa vidole, sasa hawajui wafanye nini na vidole vyao. Basi hawakimbizwi hapo.

Tarehe za kutangazwa watakatifu zinaweza kusubiri. Inatosha kuwapeleka Basilika, iliyojengwa kwa umbo la nyumba ya msonge, wahesabu nguzo. Zipo 22, nguzo kwa kila shahidi Mkatoliki. Yupo atakayeuliza kuhusu wale wa upande wa pili, naye aambiwe wazi kwamba tarehe 3 Juni Wakatoliki na Waanglikana waliteketezwa pamoja, na kwamba Papa Paulo VI, alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu mwaka 1964, hakuacha kuwataja Waanglikana.

Linabaki swali la Mwanga. Mfalme mbaya ni rahisi kumsimulia, ndiyo maana wengi humwacha hivyo. Fundi huwaambia kwamba naye alikuwa kijana wa miaka 18 hivi, aliyerithi kiti akiwa na hofu ya wageni waliokuwa wakiizunguka nchi yake. Kwamba baadaye Waingereza walimpeleka uhamishoni Ushelisheli. Kwamba alibatizwa, akaitwa Danieli, akafia huko mwaka 1903. Hapo kundi hugawanyika. Mmoja anadai Kizito amemsamehe, mwingine anasema hata kidogo, wa tatu anataka kujua kama wamekutana. Wanabishana hadi ndani ya basi, na kiongozi anayeijua kazi yake hukaa kiti cha mbele akijifanya anahesabu nauli.