Jamani, Mmeiona Neptune Frost?

Weka chini hicho kikombe cha chai unisikilize. Nimeiona Neptune Frost, nimeiona ukutani, kwa projekta, na zile spika kubwa za kukodi za harusini, na hadi naandika hapa miguu haitaki kutulia chini ya meza! Kichwa kinaimba. Vidole vinagonga ngoma vyenyewe. Yaani sijui nianzie kwenye rangi, au kwenye ngoma, au kwa yule mtu wa ndotoni aliyejipamba kwa magurudumu ya baiskeli, au kwenye... basi, ngoja nipumue.

Haya. Ni filamu ya sayansi ya kubuni, ni ya muziki mwanzo mwisho, imeshutiwa Rwanda, hadithi yake iko Burundi, na watu wanaimba, wanarap, wanabishana na kunong'ona kwa Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili! Kwenye filamu ya wadukuzi! Ilionyeshwa Cannes mwaka 2021, kwenye jukwaa la Directors' Fortnight, mimi ndiyo kwanza imenifikia, na nakwambia utamu haujapungua hata chembe.

Sasa wewe ukisikia filamu ya wadukuzi na uhalisia pepe unawaza nini? Miwani minene myeusi usoni, sivyo? Jamaa kakaa kwenye kiti cha chuma, namba za kijani zinamwagika, nje mvua inanyesha na mabango yanawaka. Tumeziona hizo, tumezichoka. Humu hakuna miwani. Hakuna kiti. Mlango wa kuingilia ule ulimwengu wa pili ni ndoto na ngoma, basi! Mtu analala, anaota, anaamka anaijua njia. Unamwona kijana anapanda kilima kuelekea kijiji kisichokuwepo kwenye ramani ya mtu yeyote, na wala huulizi anaingiaje, unamfuata tu mdomo wazi. Na kijiji chenyewe, Digitaria, weee!

Hapa niache nikae kidogo, maana Digitaria ndiyo iliyonimaliza.

Ni maficho ya wadukuzi, na yamejengwa kwa mabaki ya kompyuta. Mabaki! Skrini zilizokufa, nyaya, bodi za kijani, makasha matupu, vitu ambavyo mtaani kwetu vingeishia kwenye mizani ya mnunua skrepa. Cedric Mizero, msanii wa Rwanda aliyebuni mavazi na mandhari, kazichukua takataka hizo kazifanya mji, halafu kazifanya nguo. Kuna vazi limeshonewa vibonye vya kibodi, vile vile vya herufi unavyovijua, kimoja kimoja, vimejipanga juu ya kitambaa, na kamera ikisogea karibu utatamani kunyoosha kidole ubonyeze. Kuna nyaya zimekunjwa zikazunguka uso mpaka hujui mtu anaishia wapi na mashine inaanzia wapi. Kuna rangi kali, kali, kali mno, bluu na waridi na kijani, zimepakwa kwenye paji na mashavu, na taa zikibadilika nyuso zinabaki zinaelea gizani peke yake. Ngozi inameta, chuma kinameta, hata jasho linameta. Na bado!

Kijiji kimelala. Mitambo ipo, nguvu ya kuiwasha haipo. Mpaka anapofika Neptune. Akifika tu, vitu vinaamka! Mwanga unapepesa, mlio unapanda kutoka chini, unausikia mbavuni kabla haujafika masikioni, na watu wote wanageuka kumtazama. Nilisimama. Kweli kabisa nilisimama, jirani yangu akanivuta shati nikae, nilikuwa nimemkinga asione ukuta.

Neptune ni nani? Ni mdukuzi aliyezaliwa na jinsia mbili, anakimbia alikotoka, na mwanzoni mwa safari unamwona Elvis Ngabo, halafu ghafla, bila kuombwa radhi, unamwona Cheryl Isheja. Mtu yule yule. Sura nyingine. Filamu haikukalishi kitako ikueleze, inaendelea na mwendo wake, na wewe ndani ya dakika mbili umeshakubali. Huyo Isheja ana utulivu wa kutisha! Hapigi kelele, hahangaiki, anaangalia tu, na lile jicho lake linakufuata mpaka nyumbani.

Upande wa pili yuko Matalusa, na huyu ni Bertrand Ninteretse, ambaye wapenzi wa hip hop ya Burundi wanamjua kama Kaya Free. Matalusa anachimba koltani na ndugu yake Tekno. Mwanzoni kabisa, hata hujajiweka sawa kwenye kiti, Tekno anaokota kipande cha jiwe, anakiinua, anakitazama. Anakitazama tu! Mlinzi anampiga, na Tekno ndiyo basi tena. Na ngoma zinalia pale pale mgodini, ngoma za Burundi, zile nzito za kutikisa ardhi, na sururu zinapanda na kushuka kwa mapigo hayo hayo, kilio na kazi na mdundo vinachanganyika mpaka huwezi kuvitenganisha. Mimi nilikuwa nimekuja kucheza. Nikajikuta koo limekaba.

Na hapo ndipo niliposhika adabu, maana koltani ndiyo inayotoa tantalamu, na tantalamu ndiyo inayoingia kwenye vile vipande vidogo kabisa vya kutunza chaji ndani ya simu na kompyuta. Filamu nyingi za mambo ya mtandao zinajifanya mtandao unaelea angani huko, safi, hauna mwenyewe. Hii inakuanzishia shimoni. Udongo mwekundu, sururu, migongo iliyolowa. Ukija kufika Digitaria na mitaa yake ya kumeta, unajua kila kinachometa kilitoka wapi, na kwa mikono ya nani. Sijawahi kuona filamu ya aina hii iliyonisisimua namna hiyo kwa jiwe!

Lakini muziki sasa. Muziki! Ametunga Saul Williams, Mmarekani, mshairi na mwanarap, ambaye pia ni mmoja wa waongozaji wawili. Unamjua hata kama hujui unamjua: kama umeiona filamu ya Sinners, ndiye yule mchungaji baba yake kijana mpiga gitaa. Hadithi hii alianza kuitunga zamani, hata albamu yake ya mwaka 2016 iliitwa MartyrLoserKing, na jina hilo hilo ndilo wadukuzi wa Digitaria wanalitumia kuitikisa dunia. Humu ndani besi ya kompyuta inakutana na ngoma ya mti, sauti za pamoja zinapanda taratibu, halafu mtu anaingia kurap kwa Kirundi kwa kasi ya kukata pumzi, halafu kimya, halafu kila kitu kinarudi kwa mara moja. Kuna wimbo wa kumsuta Bwana Google mbele za watu, wanamsuta kweli kweli, na matusi yamo, kwa hiyo watoto walale kwanza. Ukumbi mzima tulikuwa tunauitikia! Hata mzee mmoja aliyekuja kwa ajili ya vitafunio.

Na wana salamu yao, hawa watu wa Digitaria. Sikutajii. Utaisikia, utacheka, utaiona ya ajabu, na kabla filamu haijaisha utakuwa umeanza kuitumia.

Ngoja, sijakwambia kuhusu Eliane Umuhire! Mnyarwanda huyu ndiye anayecheza Memory, na kama uliitazama A Quiet Place: Day One ulimwona humo. Huku kaachiwa, kafunguliwa, anaongea na kila neno linakuwa zito, lina ncha. Memory akiingia kwenye picha wengine wote wanasogea hata kama hawajasogea. Halafu ukigeuka huku wapo Rebecca Uwamahoro, Dorcy Rugamba, Natacha Muziramakenga, Eric Ngangare yule mwanarap anayeitwa 1key, yaani wengi wao ni wanamuziki, washairi na watu wa jukwaani, na inaonekana. Hakuna anayesubiri wimbo uanze. Wanatembea wakiwa tayari ndani ya wimbo.

Sasa swali la fedha, maana najua umeshaanza kulitafuna. Ndogo! Mwaka 2016 Williams na mkewe Anisia Uzeyman, Mnyarwanda, mwongozaji mwenzake, walikwenda Rwanda kupiga picha za mfano tu, za kuwaonyesha watu wenye pesa. Wakakuta wasanii wa Burundi waliokimbia machafuko ya mwaka 2015, wapiga ngoma, wanafunzi, waimbaji, na hadithi ikapata watu wake. Mwaka 2018 wakapitisha bakuli kwenye Kickstarter. Lin-Manuel Miranda, yule wa Hamilton, akaingia miongoni mwa watayarishaji. Bado ni senti ukilinganisha na zile filamu za mashujaa wa kuruka angani, na ninaapa sikuona pengo hata moja. Au niseme hivi: pengo nililiona na likanifurahisha! Wangekuwa na pesa nyingi wangechora Digitaria kwenye kompyuta, ingekuwa safi, ya kuteleza, na ningeisahau kabla ya kufika kituo cha daladala. Kwa kuwa pesa hazikuwepo, kila kitu kimeshikwa na mkono wa mtu. Unaona gundi. Unaona uzi. Unaona mahali waya ulipokataa kukunjika ukaachwa hivyo hivyo, na jicho lako linataka kurudi pale pale.

Na kamera ni ya Anisia mwenyewe! Kaongoza na kapiga picha. Huyu mama filamu yake ya awali, Dreamstates, aliishuti kwa simu, kwa hiyo ukimpa vilima vya Rwanda na ukungu wa asubuhi na chupa za rangi za kung'aa, unatarajia nini? Usiku wa filamu hii una rangi ambazo sikujua usiku unazo. Kuna zambarau fulani hivi, nzito, ya kulamba. Kuna mtu anavuka maji, hakuna kinachotokea, mashua inakwenda tu, na hutaki ifike.

Nikwambie ukweli kama rafiki: hadithi itakupotea. Itakupotea! Mwanzoni ndoto na macho vinaingiliana, hujui nani kalala na nani yuko macho, na pale katikati wanakaa chini wanaongea, wanaongea, siasa, falsafa, mafumbo juu ya mafumbo, mpaka mmoja wetu akauliza kwa sauti, "Sasa hawa wanadukua saa ngapi?" Hapo kidogo walizidisha, mistari kadhaa ningeikata bila huruma. Lakini wimbo unaofuata ukianza umeshasamehe kila kitu, mabega yameanza tena. Usihangaike kuifuatilia kwa kalamu na karatasi. Iache ikubebe, mambo yatajipanga yenyewe, na yale yasiyojipanga yatakufuata bafuni kesho yake.

Kitu kingine, na hiki nakisema kwa wanaoongea Kiswahili hasa: kaa mbali kidogo na maandishi ya tafsiri pale chini. Yasome, ndiyo, utayahitaji, lakini mara moja moja yaachie sikio. Kirundi na Kinyarwanda ni jamaa zetu, utashangaa unavyodaka neno hapa, neno pale, na kabla hujamaliza kushangaa mtu anatupa Kiswahili waziwazi na ukumbi unalipuka. Nilipata raha ambayo mtazamaji wa Paris au New York hataipata hata akilipa mara kumi. Ile raha ya kusikia mambo yajayo, ya mashine na nyota na ulimwengu usioshikika, yakizungumzwa na watu wanaokaa jirani!

Mwisho wake sikwambii. Nikikwambia utanichukia. Jua tu kwamba kuna sauti fulani juu ya vilima, nikaacha kutafuna, na wote tukaacha.

Basi fanya hivi. Itafute kwa njia halali, waliotengeneza wameihangaikia. Usisome muhtasari wowote, nimeshakwambia kupita kiasi. Usiitazame kwenye simu, tafadhali nakuomba, kioo kile hakitoshi na spika yake ndiyo kabisa. Azima projekta, pigia simu yule jamaa wa muziki wa harusini, anika shuka jeupe uani, subiri giza liingie sawasawa. Sauti juu, majirani wataarifu mapema au, bora zaidi, waalike. Alika na yule rafiki yako anayesema hapendi filamu za sayansi. Ni dakika 105 tu. Halafu ukishaiona nitafute haraka, usiku huo huo, tubishane kuhusu ule mwisho!